Mkeka wa Mtoto Aliyelala Mgongoni

Rehema ndiye anayeandika haya, mimi nasema tu. Kalamu niliishika mpaka darasa la pili, baada ya hapo nikashika mchi, na mchi hauandiki. Nimemwambia asiruke kitu hata kikiwa cha aibu, maana hicho cha aibu ndicho chenyewe. Huyu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pekee, tena ni mke mwenzangu, ndivyo tunavyotaniana. Sasa wiki iliyopita mke mwenzangu kaja hapa Mchinga kutoka Lindi mjini, kashuka kwenye gari na bahasha ya hospitali kaibana kwapani kama kaiba kuku. Alivyonenepa siku hizi anajaza mlango, mashallah. Ana miezi sita tu kwenye ndoa na gauni la harusi halimwingii. Nikamwambia, "Karibu, naona ndoa imekupenda." Hakucheka. Akavua viatu, akaja akakaa kwenye msala wangu wa kusalia pale barazani, mimi nachambua mbaazi, akasema, "Shikamoo bibi," halafu kimya. Rehema akikaa kimya ujue kuna jambo, huyu ni mtoto wa kuongea hata akiwa anapiga mswaki.

Basi akatoa picha kwenye bahasha. Nikaitazama, naona weusi tu, kama sufuria iliyoungulia ugali. Akaniambia, "Hii ni ndani ya tumbo langu, bibi. Ovari zina vifuko vidogo vidogo, mayai hayakomai. Ndiyo maana sizioni siku zangu, miezi minne sasa. Ndiyo maana nanenepa hata nikila mara moja kwa siku." Akautaja ugonjwa wenyewe, jina refu la Kizungu, mimi likanishinda hapo hapo mdomoni. Daktari kamwambia ugonjwa wenyewe hauishi ila unatulizwa, kuna vidonge, atembee, apunguze wanga, na mtoto anaweza kupata, wapo wengi wamepata. Halafu akamuuliza, kwenu nani alikuwa hivi, maana huwa unafuata ukoo. Rehema akageuza kichwa kufukuza kuku, nikaiona shingo yake kwa nyuma. Nyeusi, kama mtu asiyejua kuoga. Mbaazi zikanitoka mkononi. Shingo hiyo mimi naijua, niliisugua mwaka mzima.

Lakini kilichonifanya niseme si shingo. Akaniambia, "Bibi, mama mkwe kaanza kunitazama tumbo anatabasamu. Jana kaniletea maembe mabichi kayakatakata na chumvi. Sitaki umwambie mtu. Nitamwacha afurahi kidogo tu, halafu nitajua la kufanya." Nikamwambia, "Kaa hapo hapo ulipokaa. Usinyanyuke. Naweka mbaazi jikoni narudi."

Mimi niliolewa Tingi, huko Kilwa, korosho zimekwisha kuvunwa, mvua bado. Mume wangu Salumu alikuwa mtu wa shamba, mpole, maneno yake ukiyakusanya ya wiki nzima hayajai kikombe. Tulikaa nyumba moja na mama yake, Bi Hadija, mjane, na nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nyuma. Kuta za udongo zilikuwa hazifiki juu, zinaishia kabla ya makuti, kwa hiyo ukikaa chumbani unasikia kila kitu, mpaka mtu wa jikoni akipuliza moto unajua pumzi ya nani. Kitanda cha kamba, sanduku langu la bati, na kichwani mwa kitanda kijiti kimechomekwa ukutani. Hicho kijiti kilikuwa cha shanga. Rehema hapa anacheka, nyie wa siku hizi mna simu inawahesabia siku. Sisi ukitoka unyagoni, somo yako, yule aliyekufunda, anakupa nyuzi mbili za shanga, nyekundu na nyeupe. Ukiingia mwezini unatundika nyekundu, mume akiingia anaona, hasemi, huulizwi. Ukishatwaharika unarudisha nyeupe. Ni adabu nzuri sana, mdomo unapumzika. Ila ndio hivyo, mdomo ukipumzika sana unasahau kazi yake.

Nikatundika nyekundu mara moja tu, mwezi ule wa kwanza. Baada ya hapo nyeupe. Masika ikaja, nyeupe. Tukapanda, tukapalilia, ufuta ukatoa maua, nyeupe ile ile mpaka ikashika vumbi. Mimi kwetu nilikuwa hivyo hivyo, siku zangu zinakuja kama mgeni wa mbali, mara mbili kwa mwaka, na somo yangu alijua, aliniambia kila mti una msimu wake. Lakini somo yangu yuko Mchinga, mimi niko Tingi, na mambo hayo humwambii mwingine. Mama yako mzazi humwambii, sembuse mama wa mume. Na mwili nao ukaanza. Mimi niliondoka kwetu kijiti, mtu akinishika mkono vidole vyake vinakutana na kupitana. Nikavimba. Sikula zaidi ya wenzangu, wallahi, tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, samaki siku zikipatikana, sahani moja na Bi Hadija. Mapaja yakaanza kusuguana nikitembea kwenda kisimani. Kanga ikawa haifungi. Nywele tatu zikaota kidevuni, nikawa nazing'oa kwa majivu nikiwa chooni. Na shingo hiyo ikaingia weusi, nikaisugua na dodoki mpaka ikachubuka, weusi uko pale pale unanitazama.

Sasa wewe fikiri. Msichana kaolewa, shanga nyeupe mwezi wa tano, tumbo linatangulia. Nani atasema ugonjwa? Mbona unene kwetu ni sifa? Salumu alizitazama zile shanga siku moja mchana karudi kuchukua jembe, akatabasamu, akatoka. Nikamsikia jikoni, "Mama, punguza kumtuma maji huyu." Basi. Maneno matano. Bi Hadija akapiga kigelegele kimoja kifupi, halafu nasikia anajiziba mdomo kwa kanga, kijicho kisije kikasikia.

Kuanzia siku ile nikawa malkia wa chumba. Maji siteki, kuni sibebi, mayai sili mtoto asije akazaliwa kipara, msibani siendi, shambani siendi. Chakula kinaletwa chumbani kimefunikwa kawa, wali wa nazi ule wa tui zito, samaki kipande cha tumboni. Zamani nilikula na Bi Hadija jikoni, sahani moja, ananichokoa, "Mmachinga wewe, unatafuna kama mwizi," nami namjibu, tunacheka mpaka moshi unatuingia. Sasa nakula peke yangu natazama ukuta. Ndipo siku moja, ufuta unakatwa, kaniletea sahani, kakaa kitandani ukingoni, kaweka kiganja chake tumboni kwangu. Kiganja kikavu, kina sugu za mchi. Akaniuliza taratibu, "Anacheza?"

Rehema, andika vizuri hapa. Nilijua hachezi. Somo alinifunda mtoto anavyocheza, kama samaki ndani ya kifuko, na mimi tumboni mwangu mlikuwa kimya, hamna samaki, hamna maji. Lakini yule mama alikuwa ananitazama kwa macho ambayo hakuna mtu aliwahi kunitazama nayo, hata mama yangu. Nikasema, "Anacheza, mama." Akafumba macho. Akasema, "Alhamdulillahi." Na mimi nikaona raha, usiandike kwamba niliona aibu, aibu ilikuja baadaye. Pale niliona raha.

Alianza kushona mkeka siku ile ile. Alikuwa fundi wa mikeka, Bi Hadija. Alisuka ukili, utepe mwembamba wa vidole viwili, miyaa mingine ya mkindu kaichovya rangi ya zambarau, akaushona ukawa kimkeka cha kulaza mtoto, kidogo hivi, kama urefu wa mkono wangu. Alipomaliza akautia taraza pembeni usifumuke, akanipa nikae nao chumbani. Nikautundika ukutani mkabala na kitanda. Kwa hiyo nikilala namwona mtoto, ubavu huu nauona mkeka, ubavu huu naziona shanga nyeupe. Hakuna pa kugeukia.

Miezi tisa ikaisha. Wa kumi. Korosho zimeanza kudondoka, watu wote wako mikoroshoni, kijiji kimya, mimi tu na kuku. Tabu, jirani yangu tuliyeolewa mwezi mmoja, alizaa mtoto wa kiume, nikasikia kilio chake juu ya ukuta. Arobaini ya mtoto wake nikavaa kanga mpya, nikakaa nasubiri niitwe. Sikuitwa. Baadaye nikasikia ni kwa sababu mwenye mimba isiyotoka akimshika mtoto wa mwenziwe, yule wa tumboni anaona wivu, anakataa zaidi kutoka. Maana walikwisha kumwita mkunga, bibi mmoja wa kule ng'ambo ya mto, akanikanda kwa mafuta ya nazi, akanikanda, akanyamaza. Mimi naomba moyoni aseme. Aseme tu, hamna kitu humu, ni mafuta matupu. Akanawa mikono. Akasema, "Yupo. Kahamia mgongoni. Kageuka kalala, mimba za hivi hukaa hata miaka, mwacheni." Akapewa kuku akaenda zake. Mimba ya mgongoni! Mnaijua nyie, mpaka leo watu wanaisema. Mwanamke anatembea na mtoto mgongoni, miaka miwili, mitatu, anamngoja aamke.

Salumu akahamia kwenye dungu la shambani, eti nguruwe wanaharibu muhogo. Akawa anakuja Ijumaa, anaoga, anabadilisha kanzu, anazitazama shanga, anakwenda msikitini. Hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza, ningepata mtu wa kujibizana naye.

Wanawake walikuwa wanakuja kwa Bi Hadija kubangua korosho, wanakaa nyuma ya ukuta wangu. Siku moja, msimu wa korosho umerudi tena, namsikia Tabu, sauti namjua, "Jamani, ile ni mimba au gunia la korosho?" Mwingine akadakia, "Ngoja msimu uishe, itapelekwa ghalani." Wakacheka mpaka wakakohoa. Halafu nikamsikia Bi Hadija, kaweka jiwe chini, "Cheka, Tabu, cheka. Wa kwangu anachelewa kwa sababu anakuja na akili. Wa kwako aliwahi, ndiyo huyo hapo anakula majivu." Nasikia Tabu anamnyang'anya mtoto majivu, anampiga kofi, mtoto analia, wenzake wanacheka zaidi. Na mimi nikacheka, Rehema, peke yangu mle ndani, sahani ya wali mapajani. Nikacheka, halafu nikaweka sahani chini. Yule mama ananitetea kwa kitu nilichomdanganya. Akisema "wa kwangu", anamsema mtu nimemzaa mimi kwa ulimi.

Wali ule sikuumaliza. Lakini kusema sikusema. Wewe Rehema ulikuwa unaniuliza kila siku kwa nini nawaogopa watu wanaonipenda kuliko wanaonisema. Ndiyo hapo.

Kilichonitoa ni saumu. Kumbe Bi Hadija aliweka nadhiri. Tangu mkunga aseme vile, anafunga kila Jumatatu na Alhamisi, na chakula chake cha futari ananiletea mimi nusu. Mimi sikujua, nakula tu. Nilimwona siku moja mlangoni, jua limempiga kwa nyuma, nikaona mifupa ya mabega imenyanyua gauni kama nguo iliyoanikwa. Mimi nazidi kujaa, yeye anazidi kuisha, kama vile ananimimina yeye mwenyewe kwenye sahani. Alhamisi moja asubuhi nasikia mchi, du, du, halafu hausikiki. Nikatoka mbio, na mbio zenyewe zangu za wakati ule nusura niende na mlango. Nikamkuta kaketi chini, kinu kimelala, mpunga umemwagika, kuku wanashangilia. "Si kitu," anasema, "kizunguzungu. Rudi ndani, utamshtua." Kaanguka yeye, anamwogopea mtoto ashtuke.

Nikarudi ndani. Nikafungua sanduku la bati, nikatoa shanga nyekundu zimekunjwa kwenye kitambaa tangu mwaka jana. Damu sina. Nikatoa nyeupe kwenye kijiti, nikatundika nyekundu. Nikakaa kitandani nikangoja Ijumaa.

Salumu akaja, akaoga, akaingia kuchukua kanzu. Akaziona. Alisimama mkono mmoja uko ndani ya kanzu, mwingine nje. Akasema, "Pole." Akatoka na kanzu yake upande mmoja hivyo hivyo. Mara nasikia maji yanachotwa, kuni zinasukumwa. Bi Hadija akaingia chumbani, na chumba cha mwanawe hakuwahi kuingia bila kubisha, ana beseni la maji ya moto na vitambaa vyeupe kavipasua kwenye shuka lake la kitandani. Alidhani mtoto kashuka, keshakufa, kaja kuniosha. Akatazama shuka langu. Akatazama sakafu. Safi.

"Damu iko wapi, mwanangu?"

"Hamna, mama."

"Mbona umetundika?"

"Nimetundika kwa sababu mtoto hakuna."

"Kafa?"

"Hakuwapo. Sijui nina nini, mama, mimi siku zangu haziji na mwili unajaa wenyewe. Lakini mtoto hakuwapo."

Akaweka beseni chini. Nje huko Tabu anamwimbia mwanawe. Akaniuliza, "Na yule aliyecheza?"

"Hakucheza, mama. Nilisema tu."

Nilitegemea kofi. Nilitamani kofi. Akasema, "Geuka." Nikageuka. Akachovya kitambaa kwenye yale maji, akaanza kunisugua mgongo, kutoka shingoni, hii shingo nyeusi, akashuka, taratibu, kama anatafuta kitu. Mgongo wote. Maji yakapoa hajaacha. Mimi sikugeuka kumtazama uso, kwa hiyo mpaka leo sijui alikuwa analia au vipi. Akamaliza, akanifunika kanga, akauondoa ule mkeka ukutani, akatoka nao.

Baada ya hapo ikawa nyumba ya watu waliofiwa bila maiti. Nilirudi kula jikoni, lakini sahani mbili. Shikamoo mama, marahaba, imekwisha. Jioni akawa anakaa mlangoni na miyaa, anasuka, mimi sitazami. Nikadhani anaufumua ule mkeka apate miyaa ya kazi nyingine, nikasema haki yake. Talaka ilikuja kabla masika haijaisha, kaileta mjomba wake Salumu, naye akaomba radhi kama vile kavunja chungu cha mtu. Siku naondoka, sanduku langu liko kichwani kwa mtu, Bi Hadija akatoka na kitu kakizungushia kanga. Akanipa. "Uende nao," akasema. "Nimeona usipotee." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nilipata habari ya kifo chake nikiwa hapa Mchinga, miaka mingi imepita, na sikwenda kuzika.

Kwetu nikakaa, nikaolewa tena na babu yako, mtu mzima, ana watoto wake tayari, hakuwa na haraka na tumbo la mtu. Yeye siku ya kwanza tu nilimwambia kwa mdomo: mimi shanga zangu zinasema uongo, usizisikilize. Akacheka mpaka kofia ikadondoka. Na mama yako alipokuja, miaka imekwenda, sikumwamini. Mwezi wa tatu, wa nne, nasema wapi, sidanganyiki tena mimi. Mpaka siku moja nakuna nazi, akanipiga teke nikadondosha kifuu. Nikapiga kelele, majirani wakadhani nyoka.

Rehema akaniuliza, "Na mkeka je, bibi? Ule wa mtoto?"

Nikamwambia nyanyuka. Akanyanyuka. Nikamwonyesha ule msala aliokaa tangu kufika. Pembeni umekwisha kulika, taraza nimebadilisha mara tatu, lakini tazama katikati, ukili mwembamba, vidole viwili, wa zambarau umefifia. Hicho ndicho kimkeka. Bi Hadija aliifumua taraza, akaongeza ukili mnene kuzunguka, mzunguko kwa mzunguko, jioni zile zote alizokuwa hasemi na mimi, mpaka ukatosha mtu mzima kusujudu. Nimesalia hapo maisha yangu yote. Paji la uso mbele, magoti nyuma, katikati hapajawahi kuguswa na kitu, ndiyo maana pamebaki vile.

Rehema akapiga magoti akapapasa kwa vidole. Nikamwambia, "Yule mama mkwe wako naye ana mikono. Usimwache ashone."

Akakaa tena, si katikati, pembeni kidogo. Akachukua simu. Nikasikia inaita, mara mbili, mara tatu, halafu nikamsikia anasema, "Shikamoo mama. Umeshakula? Mama, nina neno, si la furaha na si la msiba. Yale maembe." Akaniangalia. Nikajifanya mbaazi zinaungua, nikanyanyuka nikaingia jikoni.